Lori Lililozibiwa Lango

Ilianza Alhamisi, saa kumi na dakika ishirini za alasiri. Dakika nazijua kwa sababu nilikuwa nimeikodolea macho simu ya mama nikingoja ipate chaji, ndipo nikasikia kitu kikikwaruza ukuta wetu kwa nje, polepole, kama panya mwenye adabu. Nikachungulia dirishani. Mwenye Nyumba alikuwa amechuchumaa chini ya dirisha letu na chaki nyeupe mkononi, anachora alama ya mkasi, ile ile anayokuwekea mwalimu ukikosa hesabu. Alipomaliza akasogea hatua tatu kando, akachora ya pili. Kisha akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akautazama ukuta wa chumba chetu kama mtu anayechagua papai sokoni.

"Mama Kadzo yuwapi?" akauliza, bila kuniangalia. Kadzo ni mimi.

"Abee," nikasema. Hilo si jibu la swali lake, najua. Ndivyo ninavyokuwa mtu mzima akinisemesha ghafla: neno la kwanza hutoka, mengine hubaki ndani. Kwenye ripoti za shule, tangu nianze sekondari hadi sasa kidato cha tatu, walimu wameandika neno moja tu, "mtulivu", na hawajui ninayoyasema humu daftarini.

Mama akatokea nyuma ya mashuka. Mama hufua nguo za watu, kwa hiyo uani kwetu hapakosi mashuka ya watu. Mwenye Nyumba akamwambia kwa sauti ya kusoma tangazo, "Mama Kadzo, lori limekwisha kutengenezwa. Jumapili saa nne asubuhi latoka. Chumba chenu chavunjwa Jumamosi baada ya adhuhuri. Mutajisitiri kwa watu wiki mbili tatu, kisha n'tawajengea upya, inshallah."

"Haya, mzee," akasema mama.

Haya, mzee! Mtu amekuja kukwambia atakuvunjia chumba, nawe wamjibu haya, kama aliyeomba chumvi. Mama akaingia ndani, akavuta sanduku kutoka mvunguni, akaanza kukunja nguo zetu. Mimi nikachukua daftari. Nikaamua kwamba kama tunatolewa, tutoke nimeshamwandika huyu mtu alivyo. Nimemtazama miaka mitano kupitia dirisha hili, na sidhani yuko aliyemtazama zaidi yangu.

Sitaandika alizaliwa wapi wala ukoo wake. Hayo huyasema mwenyewe kila siku kwa kila mtu, hata kwa yule anayekuja kusoma mita ya maji, kwa hiyo hayana haja ya wino wangu.

Nyumba yake iko Mjambere, mbele kabisa, inatazama barabara. Nyuma yake kuna uwanja, na kuuzunguka uwanja kuna vyumba saba vya kupangisha, chetu kikiwa cha mwisho. Katikati ya uwanja ndipo lilipo lori. Mgeni akija husema, "Kumbe muna lori hapa uani." Si hivyo. Lori ndilo lenye uwanja, sisi tumepewa kingo zake. Kutoka chumbani kwenda bombani unapita kwa ubavu, umebana tumbo, na ukiwa na ndoo mbili unaenda mara mbili.

Ni lori la zamani la Kiingereza, lenye pua ndefu na macho mawili ya mviringo, lililokuwa likibeba mawe ya kujengea kutoka machimboni. Bi Mkubwa, mkewe, ndiye aliyenisimulia lilivyokuja, sisi tukiwa hatujahamia. Lilivutwa na trekta, limeliwa na kutu mpaka huwezi kujua rangi yake ya kwanza, na kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha dereva. Wakati huo palikuwa na lango pana, hapa hapa ninapolala mimi. Lori likaingia. Mwaka haukwisha, Mwenye Nyumba akaliona lango lile ni nafasi ya bure inayokaa bila mpangaji. Akaita fundi wa ujenzi. Fundi akalitazama lori, akalitazama lango, akauliza swali ambalo hata mtoto wa nasari angeuliza:

"Mzee, tukiziba hapa, hili litatokea wapi?"

"Litatoka likiwa zima," akajibu Mwenye Nyumba.

Basi. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake, na fundi akaanza kuchanganya simiti. Lango likazibwa na vitu viwili: chumba chetu, na ubavuni mwake stoo ya kuwekea vyuma. Na huyu ndiye mtu anayejivunia vipimo! Ana rula ya chuma, ana kile kidude cha kubana nati na kusoma unene wake, na nimemwona kwa macho yangu akirudisha bolti dukani Magogoni, akaenda na kurudi juani, kwa sababu ilizidi kwa kitu alichokiita "unywele". Unywele wa bolti aliuona. Ukuta mzima hakuuona.

Kinyozi wa chumba cha nne, mtu wa bara, humchokoza kila akipita. "Mzee, hii mashine ukimaliza itatoka aje? Ama umeitisha chopa iibebe juu?"

"Nyamaza, mtu wa plastiki wewe," humjibu.

Hilo ndilo tusi lake. Kila asichokipenda ni cha plastiki. Simu ni za plastiki, magari ya siku hizi ya plastiki, muziki wa plastiki, mheshimiwa diwani wa plastiki. Siku moja mama alipika wali akampelekea sahani, akaula wote, akarudisha sahani akasema, "Mchele wa plastiki huu, Mama Kadzo, lakini mkono wako mzuri." Mimi nadhani nami ni wa plastiki, ila hajapata nafasi ya kuniambia kwa sababu simpi neno la kujibu.

Neno lake la pili ni chuma. Akilipigapiga lori ubavuni kwa vifundo vya vidole husema, "Sikiliza. Hapa hapana bati. Hapa pana chuma." Amemwambia hivyo kinyozi, amewaambia watoto, amemwambia muuguzi aliyekuja kuchanja, na muuguzi wa watu akasikiliza, sindano mkononi.

Inshallah nalo lina kanuni yake kwa huyu mtu. Mlango wa choo chetu umeng'oka bawaba tangu nikiwa darasa la saba. Ukiingia unaushika kwa mkono mmoja kutoka ndani, na unaimba ili watu wajue umo. Mimi, mtu wa aibu kama nilivyo, nimejifunza kuimba chooni. Mama amemwambia mara ngapi. "Wiki hii, inshallah." "Mwezi ukiandama, inshallah." Lakini lori halina inshallah. Lori lina siku na lina saa. "Radieta yaja Jumanne saa nane." Na Jumanne saa nane radieta huja. Bi Mkubwa ni mcha Mungu kweli, na siku moja alimfokea mbele yetu sote: "Wewe bwana, kama hutaki kuutengeneza mlango, sema hutaki. Usimtie Mola kwenye uvivu wako." Mwenye Nyumba akacheka, akaendelea kupaka grisi bawaba za mlango wa lori. Huzipaka kila Ijumaa. Milango miwili, bawaba nne, hazina hata mlio.

"Mimi mgongo waniuma miaka," akasema Bi Mkubwa, "sijapakwa mafuta hata siku moja. Lile chuma lapakwa kila wiki."

"Wewe hulii ukifunguliwa," akamjibu, na hata mama alicheka, akajificha kwa leso. Sikucheka mimi. Sawa, nilicheka kidogo.

Ananuka dizeli na udi. Dizeli ni ya kunawia mikono, udi ni wa Bi Mkubwa, ambaye humfukiza kabla ya kumruhusu kukaa kitini. Mikono yake ni myekundu mpaka viwikoni kwa kutu, na kutu hiyo haimtoki, ila hututoka sisi machoni. Kwa miezi mingi kazi yake ilikuwa kusugua kwa brashi ya waya. Krrr, krrr, krrr, tangu chai mpaka magharibi. Siku ya upepo mama alikuwa ameanika mashuka ya mwalimu mmoja wa Magogoni, meupe, mapya, na vumbi la kutu likatua juu yake lote. Yakaota madoadoa kama ndizi iliyoiva. Mama alikaa siku mbili akiyasugua kwa ndimu na chumvi mpaka vidole vikamchubuka, naye Mwenye Nyumba akaja kusimama juu yake, mikono nyuma. Nikadhani ataomba radhi.

"Lakini waiona rangi yake?" akasema. "Hiyo ni kutu ya chuma safi, Mama Kadzo. Kutu ya bati haiwi hivyo."

Alikuwa anaisifu! Mama vidole vinavuja damu, yeye anaisifu kutu.

Wakati wa kuchagua rangi alitaka kijani fulani anachokikumbuka yeye peke yake. Akawa ananunua vikopo vidogo vidogo, anachanganya, anajaribu. Kwenye lori hakujaribu hata tone, asije akaliharibu. Alijaribu kwenye milango yetu. Mlango wetu una mistari minane ya kijani, kila mmoja na ukijani wake, na chini ya mmoja ameandika kwa kalamu ya risasi "karibu". Mama alidhani ametukaribisha. Ilikuwa na maana rangi imekaribia.

Na mvua ya mwaka jana. Paa letu linavuja mahali pawili, na pa tatu ikiwa upepo unatoka baharini. Lori lilinunuliwa turubai jipya, zito, la macho ya shaba na kamba zake. Nimelala nikisikia tone kwenye sufuria, tone kwenye beseni, na kupitia dirishani naliona lori limefunikwa vizuri kama mtoto wa pekee. Asubuhi akaja kulifunua, akapitisha kiganja kwenye bonneti, akatabasamu: "Kavu!" Akamwambia nani? Akaniambia mimi, niliyekuwa namwaga beseni.

Hutusahihisha Kiswahili pia. Sisi kwetu ni Kilifi ndani huko, na mama akisema neno kwa mkato wa kwetu, yeye hulirudia polepole, kwa ukamilifu wake, kama anayemlisha mtoto uji. Mimi nikisoma kwa sauti husimama nje ya dirisha. Siku moja nilikuwa nasoma ufahamu, akasema, "Nani kakufunza kusoma hivyo? Kiswahili hakikimbizwi. Kiswahili chaenda na viatu vyake." Tangu hapo nasoma kimya. Ndiyo maana naandika.

Sasa nimpe haki yake, maana nikimwandika kwa ubaya mtupu nitakuwa mwongo, na mwongo hana faida ya kuweka daftari. Kwanza, hajawahi kumpandishia mama sauti, na kila asubuhi humwamkua yeye kwanza, "Waamkaje, Mama Kadzo?", kabla mama hajawahi kufungua kinywa. Pili, mkanda wa mkoba wangu wa shule. Ulikatika, nikawa nauburura, na jioni moja nikaukuta mkoba juu ya kizingiti umeshatiwa ribiti ya shaba, imara, imepigwa vizuri hata haikwaruzi bega. Hakusema alipouchukua. Lakini baadaye! Wiki nzima kila nikitoka: "Yashika?" "Abee." "Haitoki hiyo. Ile ni ribiti ya mlango wa lori, n'libakiwa na moja." Mbele ya wenzangu wa shule alinisimamisha njiani akaiangalia ribiti, akaivuta, akawaambia wasichana watatu ambao hata siwajui sana kwamba hapa hapana plastiki. Nilitaka ardhi inimeze.

Na udereva wake. Kwa miaka yote hadithi ni kwamba lori hilo hilo alikuwa akiliendesha yeye ujanani, kutoka machimbo hadi Changamwe, mawe yamejaa, breki hazina, na yeye usukani mkononi kama anashika sahani. Tukaamini, kwa nini tusiamini. Mwezi uliopita akaja mzee mmoja kutoka Changamwe kulitazama, mwenye kofia na fimbo, ambaye walifanya kazi pamoja. Mwenye Nyumba akatuita wapangaji wote tushuhudie injini ikiwashwa. Akatia ile hendeli mbele, akazungusha, akazungusha, lori likakohoa, likatoa moshi mweusi ukaingia vyumbani mwote, likanguruma. Likatikisika kidogo, kama linataka kurudi nyuma. Hapo Mwenye Nyumba, bila kuwaza, akaruka. Mzee wa miaka ile, akaruka! Akanyakua kipande cha gogo kilichokuwa pembeni, akapiga goti, akakisukuma nyuma ya tairi, yote kwa pumzi moja.

Yule mzee wa Changamwe akacheka mpaka fimbo ikamwanguka. "Tanboi ni tanboi tu! Hajasahau! Wallahi huyu alikuwa na mbio za gogo, hapana mfanowe. Dereva alikuwa mimi, yeye alikuwa kule nyuma juu ya mawe, apakia, apakua, na mlimani aruka na gogo."

Tukamgeukia Mwenye Nyumba sote. Kinyozi peke yake ndiye aliyesema, "Sasa, Mzee, si ulisema..."

"Niate," akasema Mwenye Nyumba, yaani aachwe. "Kazi ni kazi." Akajifanya kutafuta spana. Hajui kuendesha. Hana hata leseni. Miaka yote hii amelitengeneza gari asiloweza kulitoa hapo kwa futi moja, na hata hiyo Jumapili yake, usukani utashikwa na yule mzee mwenye fimbo. Nilipolijua hilo nilimdharau kwa raha kabisa, raha ya kunywa maji baridi.

Na pia nilielewa jambo moja ambalo lilinizidishia dharau badala ya kuipunguza. Tangu lile bodi la nyuma litiwe mbao mpya, lile la kupakia mzigo, hakuna kilichowahi kuwekwa juu yake. Hata kikombe cha chai. Mama aliwahi kutua beseni la nguo ukingoni, sekunde mbili tu abadilishe mkono, naye akaja mbio, "La la la la! Rangi, Mama Kadzo, rangi!" Mtu aliyemaliza ujana wake akilirushia mawe lori hilo, sasa haliruhusu kubeba shuka.

Ijumaa asubuhi mama alikwenda kutafuta pa kukaa, nami nikabaki, maana shule zimefungwa. Alianza kwa dada yake, Ziwa la Ng'ombe, ambako watu sita wamo chumba kimoja na mlango haufungiki kwa sababu ya miguu. Akapita kwa mwanamke wanayesali naye kanisani. Akarudi saa sita, akakaa juu ya ndoo aliyoifudikiza, akavua viatu.

"Utakwenda kwa mamako mdogo, utalala na watoto," akasema. "Mimi nitaangalia."

"Utaangalia wapi?"

"Nitaangalia, Kadzo."

Alijua na nilijua. Wateja wake wote wa kufua wako Mjambere na Magogoni, na nguo haziwezi kuanikwa kwenye chumba cha watu. Wiki mbili tatu za Mwenye Nyumba tunazifahamu. Bawaba moja imemshinda miaka, chumba kizima atakijenga lini? Tukitoka tumetoka. Na mama alikuwa ameshafunga vyombo kwa leso, ameacha sufuria moja na vikombe viwili, na chumba chetu kilianza kupiga mwangwi.

Nikatoka nje. Sikuwa na mpango wowote, nataka liandikwe hivyo. Nilitaka tu kuuona ukuta na alama zake za chaki. Lori limeelekeza pua kwenye chumba chetu moja kwa moja, na kwa mtu mvivu wa kufikiri jambo limekwisha: lisukume mbele. Lakini ubavuni iko stoo. Nikachukua kamba ya mama ya kuanikia, ile ya akiba, nikashika ncha kwenye kioo cha lori cha kushoto, nikaivuta mpaka kioo cha kulia, nikapiga fundo. Nikaenda stoo, nikaupima ukuta wake, kona hadi kona. Nikatoa unene wa kuta za pembeni. Fundo lilibaki ndani, na pembeni nafasi ya viganja viwili. Nikapima urefu, nikapima kutoka bombani, nikachora humu daftarini, nikafanya kama swali la jiometri, nikakokotoa mara tatu. Lori likirudi nyuma kidogo na kukata kona, linapita kwenye stoo. Chumba chetu halikigusi.

Mtu wa rula ya chuma hakuwahi kuipima stoo. Ilikuwa imejaa vyuma vyake: springi zilizovunjika, ngoma za breki, gia zisizo na meno, mafungu na mafungu ya vitu alivyovitoa kwenye lori na kutia vingine. Kuihamisha hiyo ni kazi. Kutuhamisha sisi ni neno moja.

Nilimngoja arudi msikitini. Alikuja saa saba na nusu, kanzu nyeupe, akakaa kwenye kigoda chake kando ya tairi la mbele, akanyoosha miguu. Mimi nilisimama pale mpaka akaniona. Sijui nilisimama muda gani. Kamba nilikuwa nimeizungusha kiganjani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kuna n'ni?"

Nikampa kamba. Akaitazama kama aliyepewa nyoka.

"N'ni hii?"

"Upana wa lori. Kutoka kioo mpaka kioo."

"Nawe wapima lori langu kwa nini?"

Nikamfungulia daftari penye mchoro, nikaziba kwa mkono ukurasa wa pili, maana yeye mwenyewe ndiye aliyeandikwa hapo. Akauchukua ule ukurasa kwa macho, akauleta karibu, akaupeleka mbali. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Stoo," akasema.

"Abee."

"Wataka niivunje stoo."

"Yapita. Kwa viganja viwili."

Akainuka. Akaenda na kamba yangu mwenyewe, akapima. Nilimwona usoni alikuwa anaomba iwe fupi. Akapima tena kwa rula yake ya chuma, kanzu inaburuta mavumbini, akapiga goti kwenye kona, akasimama, akaenda kwenye kioo, akarudi. Mara tatu, kama nilivyofanya mimi. Kinyozi alitoka mlangoni na kitana mkononi, akatuangalia. Mama alikuwa amesimama dirishani.

Mwenye Nyumba akarudi kwenye kigoda, hakukaa.

"Yapita," akasema. Kisha, kama aliyepata pa kushika, "Na vyuma vyangu n'tavitia wapi? Eh? Huko ndani muna vyuma vya miaka. N'tavitia wapi, kichwani?"

Nilikuwa sijajitayarisha kwa hilo. Nilifikiri hesabu ikitoka, mambo yametoka. Nikakitazama kile chombo kirefu cha kijani kilichokuwa kati yetu, tani tano za nafasi tupu, na neno likatoka lenyewe.

"Si hili lori?"

Hakuelewa. Wallahi hakuelewa, nilimwona. Aliligeukia akalitazama, akanigeukia mimi.

"Hili n'shalipaka rangi."

"Ni lori," nikasema.

"Litakwaruzika."

"Na sisi?"

Hapo sikuweza tena. Machozi yalikuwa yananijia, si ya huzuni, ya hasira, nami sikutaka ayaone akadhani ni ya kumwomba. Mwenye Nyumba alipitisha kiganja kwenye ukingo wa bodi, kwenda na kurudi, mahali pamoja, kama anatafuta vumbi. Alionekana mzee kuliko nilivyozoea kumwona kupitia nondo za dirisha, na mdogo pia. Kwa karibu si mrefu, ananifika kwenye nyusi.

"Unajua mawe yalivyo, mtoto?" akaniuliza. "Ukirusha jiwe moja tu, mbao yote yaandikwa mikwaruzo."

Nikalifunga daftari. Nilijua anataka nimwonee huruma, na kusema kweli huruma ilikuwa karibu, ilikuwa imefika kizingitini. Sikuikaribisha. Mama alikuwa amefunga vyombo vyetu kwa leso.

"Haya, nenda," akasema. "Tutatazama kesho."

Akaingia ndani na kamba ya mama mkononi. Hakufuta chaki. Mama aliniuliza nimemwambia nini, nikamwambia, akashika mdomo, akasema, "Kadzo, wewe?" Lakini hakufungua hata fundo moja la mizigo. Tulikula chakula cha jioni kwa sufuria ile moja, tumekaa sakafuni.

Jumamosi asubuhi niliamka kabla ya mama. Saa kumi na mbili na nusu jua lilikuwa limeshapanda ukutani. Nikajifunga leso kiunoni, nikaenda stoo. Haina kufuli, nani ataiba springi iliyovunjika? Nilichagua ngoma ya breki iliyokuwa juu ya fungu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu, na ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Nikaibeba tumboni kama mtungi, kutu ikanipaka gauni lote, nikapita kwa ubavu kando ya tairi, nikafika nyuma ya lori. Bodi lilikuwa linang'aa. Nilijaribu kuitua polepole, mikono haikufika, kwa hiyo niliiinua mpaka kifuani, nikaisukuma kwa nguvu zote, ikapita juu ya ukingo, ikaanguka kwenye mbao, ikaviringika, ikalala. Mlio ule ulitoa watu vyumbani. Kwenye kijani palikuwa na mstari mrefu mweupe wa mbao mbichi.

Mwenye Nyumba alikuwa amesimama mlangoni kwake, fulana na kikoi, mswaki kinywani.

"Shikamoo," nikamwambia, kwa sauti, nikarudi stoo kuchukua chuma cha pili.